Siku Tatu za Kombora Lupiro

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya ubishi. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya vita vya Ghuba, na tasnifu yangu ya chuo kikuu ilidai kwamba katika vita vijavyo atashinda mwenye mtambo mpya kuliko mwenzake. Mjomba Kaspari, aliyekuwa mpiga redio jeshini wakati wa vita vya Kagera, na sasa mkulima wa mpunga Lupiro, alinijibu kwa barua: "Njoo msimu wa ndege, tuone."

Treni ilinishusha Ifakara asubuhi. Nilivuka mto Kilombero kwa pantoni nikiwa nimekumbatia redio kaseti. Ndani mlikuwa na milio ya makombora niliyoinasa kwenye taarifa za habari.

Lupiro, adhuhuri. Mjomba alikuwa juu ya dungu, kibanda cha kuamia ndege, akirusha udongo kwa teo. Kwelea, ndege wadogo walao nafaka kwa makundi, walikwisha maliza shamba la jirani. La mjomba lilibakiza wiki moja kukomaa, na ndilo lilikuwa chakula cha mwaka mzima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, msomi. Umekuja na jeshi?"

Nikabonyeza redio, makombora yakanguruma. Kundi zima likaruka kama moshi. Jioni Mama Agnesi, mkewe, aliniongezea kipande cha kambale. Nililala jemadari.

Siku ya tatu kwelea wanne walitua juu ya redio yenyewe.

"Waone," Mama Agnesi akacheka, "wanaomba uongeze sauti!"

Mjomba alikuwa akitazama mpunga. "Kule vitani tulibadili mawimbi, adui wakatupata. Tukabadili tena. Redio mpya tuliishangilia, lakini hatukuiamini zaidi ya wiki moja."

"Mbona teo lako hawalizoei?"

"Nani kakwambia? Wanalizoea. Ndiyo maana leo teo, kesho madebe. Lete hiyo kaseti."

Kabla sijabisha alikwisha uchomoa utepe wote na kuutandaza mitini juu ya mpunga. Upepo ukaja, utepe ukavuma, ndege wakaondoka. Kesho yake akaukunja, tukapiga madebe. Hivyo hivyo, kwa kubadili kila siku, tukafika siku ya kuvuna.

Nilirudi na kifurushi cha mchele mpya na redio isiyo na kaseti. Chuoni mwenzangu alikuwa akieleza kombora lisilokosea shabaha, darasa likimpigia makofi. Nikanyoosha mkono.

"Adui atalizoea siku ya ngapi?"