Balizi Nyepesi Ndani ya Unga

Ndugu zangu, mimi mwenyewe nilichagua balizi ile, kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti ukiumia porini. Kazini walituonyesha mbili. Mwenzangu Bahati alitaka ile nzito, yenye kifuniko juu ya kibonyezo. Nikamcheka. Kwenda Itebero kuchanja watoto ni kwa miguu, nikachukua nyepesi.

Wenye silaha njiani hunyang'anya kila kifaa, kwa hiyo nikaificha katika mfuko wangu wa unga wa muhogo. Ilikuwa nyepesi kweli, mpaka nikaisahau.

Itebero, viti vya mwenyeji wangu, Mama Furaha, vilijaa wazee. Nikakalia mfuko wangu, nikala kuku.

Jioni Bahati akaingia na wanaume wanne wenye machela, matope hadi magotini. Walikuwa wamepita njia ya mkato ambayo watu wanaikwepa tangu vita.

"Mugonjwa iko wapi?" Bahati akauliza.

"Mugonjwa gani?" nikajibu, paja la kuku mkononi.

"Bureau kule kazini inasema unaomba kuokolewa."

Mama Furaha akawahurumia wageni, akaniambia: "Papa, toka juu ya unga, niwapikie bugali."

Akaingiza mkono, akatoa balizi, taa yake ikiwaka na kuzima. Wabebaji wakaweka machela chini, wakatazama makalio yangu, meupe kwa unga.