Kashata ya Mafinga

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka mitatu tulipojua kwamba ufuta unaweza kumuua. Tulikuwa tumepanga Soweto, hapa Mbeya, na jirani yetu alimpa kipande cha kashata ya ufuta kama ambavyo angempa mtoto yeyote. Hakukimaliza. Midomo ilivimba, vipele vikamjaa shingoni, akaanza kukohoa kama mtu aliyepaliwa. Hospitali walimchoma sindano wakamlaza hadi kesho yake. Daktari, mama mmoja wa makamo, alituketisha mimi na mume wangu akasema ufuta usimguse tena mtoto huyu. Si mbegu, si mafuta yake, wala sufuria iliyopikiwa ufuta ikapanguswa tu kwa kitambaa. Alisema zipo sindano za kutembea nazo lakini huku kwetu kuzipata ni shida, kwa hiyo tutembee na dawa ya maji, na kifua kikibana tusisubiri chochote, tukimbie hospitali. Akayaandika yote kwenye karatasi, akagonga muhuri.

Ile karatasi ilinipa sauti ambayo sikuwahi kuwa nayo, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Mume wangu alizaliwa Iringa, lakini wazazi wake asili yao ni Kilwa, na mama yake anajulikana mtaani kwao kwa mikate ya ufuta. Mwezi wa Ramadhani watu walikuwa wanaagiza kwake tangu asubuhi. Nilipoolewa sikujua hata kukuna nazi vizuri. Mama mkwe hakuwahi kunitukana, ila alikuwa na namna ya kuonja mchuzi wangu halafu akaongeza chumvi bila kusema neno, na mimi nikasimama pale jikoni kama mwanafunzi aliyefeli. Kwa miaka mitano nilimeza hayo.

Basi nilipopata karatasi ya daktari nilimpigia simu siku hiyohiyo.

"Ufuta?" aliuliza. "Ufuta huu tunaokula sisi?"

"Ndiyo mama. Na hata hicho chuma unachochomea mikate, mtoto asile kitu kilichopita hapo."

Kisha akasema, "Haya mwanangu. Tutafanya kama daktari alivyosema."

Angekuwa mtu mwingine ningeshukuru. Mimi niliendelea kumsomea karatasi mstari kwa mstari, na kila wiki nilipiga tena kumkumbusha. Aliacha kabisa kupika mikate ile. Ndoo yake ya ufuta aliigawa, chuma akampa dada yake, akanunua kipya. Mume wangu aliponieleza nilisema, "Tutaona." Nilisema hivyo, nakumbuka, huku nakunja nguo, wala sikuinua macho.

Nyumbani nilikuwa mkali kama askari. Sokoni Mwanjelwa wenye maduka walinizoea. Nilisimama kaunta nikasoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti mpaka watu walio nyuma yangu wakaguna. Sikununua andazi la barabarani. Shuleni kwa mtoto, chekechea ile ya jirani, mwalimu alinakili karatasi yangu akaibandika ukutani.

Jambo moja sikumwambia mtu. Ufuta niliupenda. Kwetu Tukuyu haukuwepo. Niliujulia kwa mama mkwe, kwenye mikate yake ya moto, na tangu tuufukuze nyumbani nilikuwa nautamani kama mjamzito.

Mtoto alipokuwa na miaka minne tulikwenda Iringa kwa Idi, mimi na yeye; mume wangu alibaki kazini. Basi liliposimama Mafinga mtoto alikuwa amelala, kichwa kwenye paja langu. Akaja mama mmoja dirishani na sinia la kashata za ufuta, za rangi ya dhahabu, zimekatwa vipande vyembamba. Niliangalia kushoto na kulia kama mwizi. Nilinunua moja, nikala haraka nimegeuzia uso dirishani, nikafuta vidole kwenye pindo la kitenge nilichojifunga. Nilijiambia kwamba amelala, hawezi kudhurika. Sikuwa na maji ya kunawa, na ukweli ni kwamba sikuyatafuta.

Tulipokaribia Iringa aliamka na njaa. Nilikuwa na yai la kuchemsha kutoka nyumbani. Nilimmenyea kwa vidole vilevile, nikamlisha kipande kwa kipande, kisha nikamfuta mdomo kwa pindo lilelile la kitenge.

Kwa mama mkwe sebule ilikuwa imejaa majirani, wanawake sita au saba waliokuja kupeana mkono wa Idi. Mama mkwe alimbeba mjukuu wake, akamkalisha mapajani, akamlisha tambi kijiko cha kwanza, cha pili. Mtoto akakohoa. Akajikuna shingo. Nilipomgeuza, jicho moja lilikuwa limeanza kufumbika kwa uvimbe.

Nilipiga kelele mbele ya wote. "Umemlisha nini mwanangu? Nilikwambia! Mara ngapi nilikwambia?"

"Sijaweka, wallahi," mama mkwe alisema. "Tambi, nazi na sukari tu, mwanangu. Nimezipika kwenye sufuria mpya."

"Unataka kumuua ili uonekane unajua kupika!"

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Sijayapunguza. Nilimnyang'anya mtoto, nikamnywesha dawa, nikakimbilia bajaji. Mama mkwe alitoka nyuma yangu bila viatu akitaka kupanda, nikamwambia dereva aondoke.

Hospitali walimwahi. Sindano, mashine ya kupumulia kwa mvuke, na baada ya saa moja hivi akaanza kupumua kama mtoto anayelala. Nesi aliuliza alikula nini. Nikajibu, "Chakula cha bibi yake." Akaandika.

Ilikuwa bado mchana. Nilifungua kitenge nimfunike miguu, maana Iringa ilikuwa na baridi, na kwenye pindo, ndani ya mkunjo, nikaona punje za ufuta. Tatu, nne, zimegandia sukari. Nilizitazama kwa muda. Kisha nilikwenda chooni nikalisugua pindo lile kwa sabuni, nikalikamua, nikarudi kukaa kitandani kwa mtoto. Mama mkwe alipofika na nguo safi na chupa ya chai, nilipokea chai sikumtazama. Naye aliniuliza tu, "Anapumua?"

Nilinyamaza mwaka mzima. Mume wangu alimpigia simu mama yake kwa maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nasikia. Kule Iringa majirani waliacha kuchukua chakula kwake. Hilo nililisikia kwa wifi yangu. Mama mkwe mwenyewe hakujitetea tena. Nadhani mwishoni alianza kuamini kwamba kweli alikosea mahali.

Mwaka uliofuata alikuja Mbeya kutibiwa macho, akafikia kwetu. Alikuja na sahani yake na kikombe chake ndani ya mfuko. Mtoto alimkimbilia, naye akarudi nyuma hatua moja, mikono ameificha ndani ya khanga. Mchana tulipoketi kula, binti yangu akamwambia, "Bibi, nilishe."

"Hapana mama. Mikono ya bibi si mizuri kwako. Mama yako atakulisha."

Nilimpeleka mtoto kwa jirani akacheze, nikarudi, nikakaa chini mkekani mbele ya mama mkwe.

"Mama, ile siku ya Idi si wewe uliyemdhuru. Nilikula kashata Mafinga. Nikammenyea yai bila kunawa."

Alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu. "Ulijua lini?"

"Siku ileile. Hospitali."

"Siku ileile," alirudia. Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane. Adhana ya alasiri ikasikika, akainuka kwenda kutawadha. Aliposwali alikaa sana kwenye mswala. Alipokuja tena alisema, "Mume wako mwambie wewe mwenyewe. Na wale wanawake walionisikia natukanwa, wakusikie wewe ukisema ulichoniambia. Mimi sitaki kingine."

Mume wangu nilimwambia jioni hiyo. Alikwenda akakaa na mama yake nje, nikasikia analia. Mimi hakusema nami siku kadhaa, na sikumlaumu.

Wanawake walichukua muda zaidi. Nilitafuta visingizio: biashara, nauli, mafua ya mtoto. Idi ilipofika nikaenda. Walikuwa karibu wote walewale, sebule ileile. Nilisimama nikasema kila kitu, kashata, yai, kitenge, choo cha hospitali. Mmoja alicheka kidogo kwa kukosa la kufanya. Mwingine, mtu mwema, akasema, "Aa, mama, hayo ya zamani tulishasahau."

"Mimi sijasahau," mama mkwe alisema. Kisha akamgeukia yule mwanamke, akampa sahani ya tambi. Yule mama akaipokea akala.

Leo binti yangu yuko darasa la pili, na anajieleza mwenyewe kwa kila anayempa kitu. Mama mkwe humlisha tena, ila kwanza huninawisha mimi, kwa sabuni, mbele ya mtoto, na mimi hunyoosha mikono. Hatuna ugomvi. Wala si kweli kwamba mambo yamekuwa kama zamani.

Mwezi uliopita kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu alinisimamisha. Alisema wazazi wengine waige kwangu, mama makini, anayejua kumlinda mtoto wake. Watu wakanipigia makofi. Nilisimama pale, nikisubiri yaishe.