Kiwanja Chetu cha Kibenga

Kuna Ijumaa moja naikumbuka kuliko siku zote, mjukuu wangu Karimu, na kwa kuwa kesho unaapishwa kuwa mshauri wa gavana kama alivyokuwa babu yako, kaa hapa nikusimulie kabla wageni hawajajaa. Na hiyo suti usiikalie.

Babu yako Shahdadi, mume wangu, alikuwa mkubwa wa Mabulushi wa mji huu. Sisi si wengi, unajua mwenyewe, familia chache tu za hapa Buyenzi, wajukuu wa watu waliotoka mbali wakasahau njia ya kurudi. Lakini hata watu wachache wanataka mtu wa kuwaamulia, na yeye ndiye aliyesema nani aoe wapi na nani asamehewe. Gavana alipomwita kazini, Mabulushi walishangilia. Mimi nilishangilia kuliko wote, sifichi. Nilikuwa mke kijana mwenye mtoto mmoja, Zuena, naishi na mama mkwe katika nyumba inayovuja, na mali yetu pekee ilikuwa kiwanja kule Kibenga, kando ya barabara. Kila Jumapili nilikwenda kukitazama. Nilikuwa nimeshapanga hata dirisha la jikoni litazame upande gani.

Sasa, Jalali, mtoto wa baba mdogo wa babu yako, alikuwa na ghala la unga Ruziba. Akalipanua, akazungushia mabati, na mabati yakaziba njia ya wavuvi kwenda ziwani. Wanawake waliokuwa wakipokea ndagala kwenye mitumbwi ikawa lazima wazunguke mbali na beseni kichwani, na samaki wadogo vile hawavumilii jua. Wakalalamika, shauri likafika kwa gavana, gavana akamkabidhi babu yako: nenda ukaangalie, Jumatatu unipe jibu, mabati yabaki au yang'olewe.

Watu wa Ruziba walikata tamaa palepale. Mbulushi amhukumu Mbulushi! Jalali naye alikuwa na matumaini, lakini hakutaka kubahatisha. Akatumia mila.

Mila yetu ni hii. Ukiwa na haja kubwa kwa mtu, humwendei mwenyewe. Unatuma mabibi wa ukoo. Wanaingia, wanavua mitandio yao, wanaiweka miguuni pa mwenye nyumba, na hawagusi chai yake mpaka awape kitu. Mwanamume anayewaacha watoke vichwa wazi amekwisha. Hakuna atakayemsikiliza tena wala kuoa kwake. Kwa mitandio hiyo watu wamewahi kusamehe damu, seuze mabati.

Wakaja baada ya sala ya Ijumaa. Aliyetangulia ni mama mkwe wangu mwenyewe, mama mzazi wa babu yako, ambaye asubuhi ile nilichambua naye mchele na hakunidokeza hata neno. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele kama mgeni. Mpaka leo nikifikiria nacheka.

"Shahdadi," akasema, "mutoto ya baba yako mudogo ataenda wapi na kazi yake? Bakivunja ile mabati, ghala inakufa. Sisi apana kutoka hapa mikono mitupu."

"Mama, ile njia haiko yangu. Iko ya batu. Nitakupa namna gani kitu yenye haiko yangu?"

"Basi utatupa nini?"

Nilimwona anaitazama ile mitandio sakafuni, jasho linamtoka, chai inapoa. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Mama Zuena, parseli ya Kibenga iko yetu wawili. Jalali anaweza kuweka ghala yake kule. Lakini we ukisema apana, ni apana, na mi nitabeba aibu yangu."

Mabibi wote wakanitazama. Mwanangu, nilikasirika! Nilimkasirikia Jalali, nikamkasirikia mama mkwe, na zaidi ya wote mume wangu, kwa kuniuliza mbele za watu. Angeamua peke yake ningemnunia kwa raha zangu mpaka uzeeni. Lakini aliniuliza. Jalali aliwafungia wale wanawake njia yao bila kuwauliza, na mume wangu hakutaka kunifanyia vile.

"Umupe," nikasema. "Lakini hii nyumba utawekea mabati mupya, na Jalali ndiye atapanda juu."

Mama mkwe ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mpaka machozi, kisha wakainama wote wakaokota mitandio yao. Nikaenda jikoni kupasha chai, na huko nililia kidogo.

Jumatatu babu yako alimwambia gavana mabati yang'olewe, na yaling'olewa. Jalali akahamia Kibenga, na kweli alipanda juu ya paa letu, ananung'unika kila msumari. Watu wa Ruziba waliposikia habari yenyewe wakaanza kumletea babu yako mashauri yao, wa Gihosha wakafuata, watu ambao hawajawahi kuingia nyumba ya Mbulushi. Magavana walibadilika, yeye alibaki, mpaka alipoomba mwenyewe kupumzika. Nyumba ya Kibenga sikuijenga. Kuna siku nilipita pale nikaumia, nakuambia ukweli. Lakini nimezeeka hapa nikisalimiwa na watu nisiowajua, wananiita mama, na nimeridhika.

Basi sikia. Ndugu watakuja, na watakuja na mapenzi ya kweli. Usiwafukuze, ukoo ni ukoo. Wakikuomba, toa cha kwako mpaka kikuume, na kama ni cha wawili, muulize mkeo kwanza. Cha watu wote usikigawe, hata alie nani mbele yako. Na mimi humo humo. Nina shida zangu na najua kubembeleza. Siku nikija ofisini kwako kuomba kisicho chako, niambie hapana, kisha jioni uje ule kwangu kama kawaida.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na moyo mgumu wa kukataa, akuepushe na sifa za mapema, na kila jioni akurudishe nyumbani ukiwa huyuhuyu Karimu niliyemlea. Amina.