Filta Safi, Injini Imejaa Vumbi

Kosa ni langu, jamani. Msinitafutie wa kugawana naye, maana hilo ndilo lililoniponza.

Nina pikipiki kuukuu aliyoniachia baba. Rafiki yangu Hamisi, fundi wa hapa Tabora mjini, ndiye aliyeifufua. Kila Jumamosi nilikuwa kibandani kwake, tunakunywa kahawa na kutaniana. Tangu nifiwe na mke wangu, sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Hamisi alinionya: "Filta ya hewa usiitoe, ndiyo inayozuia vumbi. Na jeti ya kabureta usiichokonoe, petroli inapitia kitundu hicho. Hewa na petroli nimezipatanisha mwenyewe."

Kiburi! Nilitaka ingurume, ipande mchanga wa njia ya kijijini Ipole nikiwa nimepakia asali. Nikaing'oa filta. Pikipiki ikawa inakatakata, maana hewa ilizidi petroli. Nikatia waya kwenye jeti, nikapanua kitundu. Loo, ilivuma! Wiki mbili nilijiona fundi.

Kumbe ilikuwa inameza vumbi la njia nzima. Siku moja, nikirudi kutoka Ipole, ikazima, ikagoma kabisa.

Nikairudisha filta mahali pake, nikamkokotea Hamisi pikipiki. Akaifungua, akaitazama sana.

"Ndugu yangu, filta safi, injini imejaa vumbi. Limepita wapi?"

Wateja walikuwa wamekaa pale. Nikaona aibu, nikapaza sauti: "Si umelitia wewe ulipoifungua mara ya mwisho!"

Hamisi alikuwa ameishika ile jeti, ameona mikwaruzo ya waya. Angeweza kuwaonyesha. Akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mfukoni. Ee Mungu wangu!

Maneno yangu yakatembea mjini. Wateja wakapungua, mpaka akafunga kibanda na kuhamia Igalula. Kabla ya kuondoka aliileta pikipiki kwangu Itetemia, hakunikuta, akamwachia jirani. Pistoni mpya, jeti mpya. Ile jeti ya zamani ilikuwa juu ya kiti cha pikipiki, kwenye kitambaa chake.

Mara mbili nimepanda treni nikamwombe radhi. Igalula ikafika, nikashindwa kushuka, nikapitiliza.

Ndugu zangu, ukiharibu, sema ungali unatazamana na uliyemkosea. Msingoje kama mimi!

Pikipiki sasa inawaka kwa kiki moja. Kila Jumamosi naiwasha, naisikiliza, kisha naizima. Sina pa kwenda.