Mwandishi Anapatikana?

Chuo chetu hapa Singida Mjini kilitaka tovuti yake ipimwe. Mimi, kwa kuwa nasifika kwa ukali wa kalamu nyekundu, nikapewa kazi hiyo pamoja na mwalimu mgeni wa kompyuta. Kila ukurasa ulikuwa na alama ishirini. Usiofika kumi, unafutwa.

Tulishafuta nne ulipofunguka ukurasa wa jiografia, masomo juu ya maziwa ya Singidani na Kindai. Ulikuwa wa marehemu mume wangu. Mgeni hakujua, nami sikumwambia. Ningesema nini? Tangu tumzike kijijini Mtinko mwaka jana nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unakanyagia, lakini huhisi ardhi.

Usahihi wa habari, nne. Mpangilio, tatu. Viungo vya kwenda kurasa nyingine karibu vyote havifunguki, moja. Kuhuishwa, sifuri. Jumla nane.

"Bado kipengele kimoja, dada," mgeni akasema. "Mwandishi anapatikana? Hapa wanataka tupige namba yake."

Akapiga. Simu ikaita ndani ya mkoba wangu.

Siku ya kuanua tanga, ukoo ulipogawana vitu vyake, koti lilikwenda kwa shemeji, simu nikapewa mimi ili kila atakayempigia nimpe taarifa. Kazi ndogo hiyo, jamani, na ikanishinda. Wanafunzi wake wa zamani walipiga, mpaka wa kule Shelui, na wote niliwajibu, "Ametoka kidogo, nitamwambia." Halafu naichaji simu.

Mgeni akautazama mkoba, akanitazama mimi.

"Ya mume wangu," nikamwambia. "Ndiye huyo mwandishi."

Alijua mimi ni mjane. "Yesu wangu! Pole, dada. Basi tuandike mbili, ukurasa ubaki. Nani atajua?"

Mume wangu mwenyewe alikuwa akiwaambia wanafunzi waliomlilia: alama haiombwi. Nilizitaka zile mbili. Nazitaka hata leo.

"Andika sifuri," nikasema. "Hapatikani."

Sikulia. Tukafungua ukurasa uliofuata. Kabla ya saa sita simu ikaita tena, mwanafunzi mmoja akimtaka mwalimu. Nikamwambia mwalimu amefariki. Akaanza kulia yeye, nami nikamsikiliza mpaka salio lake likaisha.