Sabufa Iliyopandishwa Kochini

Mtaani kwao, mtu akitaka spika itikise madirisha humpelekea Fundi Besi. Jina lake jingine wamelisahau. Hata mkewe, ambaye ni mshonaji, humwita Fundi akiwa na hasira na Besi akiwa na shida.

Ana utaratibu mmoja. Kila spika huijaribu barazani, nje ya duka lake, palipo wazi. Huweka kiganja juu yake, hufumba macho, kisha hutangaza, "Imekubali!" Ikikubali barazani, kazi imekwisha. Ndivyo alivyofanya na sabufa yake mwenyewe, spika ya mdundo mzito, sanduku jeusi lenye kimo cha mtu aliyekaa. Ilikubali mpaka muuza matunda jirani akaanza kukimbiza machungwa yake.

Nyumbani ikagoma. Aliiweka kwenye kona ya sebule, akajitupa kwenye kochi, akangoja kifua kitikisike. Wapi! Sauti nyembamba, kama nyuki kwenye kopo. Lakini kutoka jikoni mama mkwe akapiga kelele:

"Baba, punguza! Sufuria inatembea yenyewe!"

"Mama, mbona haisikiki?"

"Haisikiki kwako! Mimi huku meno yanagongana, na ni ya kununua!"

Fundi hana dawa nyingine ila bisibisi. Akaifungua, akabadilisha ngozi. Akaifungua tena, akabadilisha nyaya. Alipoifungua mara ya nne, mkewe akatoa sharti.

"Jumapili mchana kaka yangu anakuja. Isipovuma pale kwenye kochi, inatoka, cherehani yangu inaingia. Nimechoka kushonea chumbani, nikinyoosha mguu nakanyaga mto."

Fundi akahesabu siku zilizobaki. Shemeji yake yule ana mdomo. Habari za fundi spika asiye na besi kwake zingezunguka mtaa mzima kabla chai haijapoa.

Jumapili asubuhi akashika bisibisi mara ya tano. Mkewe akamnyang'anya.

"Wewe Fundi, nguo ikimbana mteja, mimi huwa nafungua cherehani? Nampima mteja! Pima chumba!"

Ikabidi afikiri. Sebule yao ni mraba, mapana sawa na marefu. Mdundo mzito hupiga ukuta, hurudi, hukutana na mwingine unaokuja. Mahali pengine hushikana mikono, mahali pengine humalizana kabisa. Na uwanja wao wa kumalizana ulikuwa kwenye kochi. Barazani hakukuwa na kuta za kuwagombanisha.

Basi akageuza mambo. Akaipandisha sabufa kochini, pale anapokaa yeye, akaiwasha, kisha akapiga magoti na kutambaa kandokando ya kuta, akitega sikio. Mahali ambapo mdundo ungenona, hapo ndipo sabufa ingehamia, kwani mdundo unaonona kutoka kochini hadi hapo hunona pia kutoka hapo hadi kochini.

Mama mkwe akaingia bila miwani, akamwona mgeni mweusi mnene kochini.

"Karibu, baba. Wamekupa chai?" Kisha akatazama chini. "Na huyu kaangusha nini?"

"Anatafuta besi, mama," mkewe akajibu.

"Atazame chini ya kabati. Kila kitu cha nyumba hii hupotelea huko."

Fundi alikuwa kando ya mlango wa chumba cha kulala, shavu ukutani pale mdundo uliponona, anachekelea peke yake, shemeji alipotokea.

"Shemeji! Unasikiliza ukuta? Majirani wanasema nini?"

"Kaa hapo kwenye kochi, ufunge mdomo," Fundi akasema, akiibeba sabufa kuipeleka kando ya mlango ule.

Shemeji akakaa. Fundi akaiwasha. Kofia ya shemeji ikateremka hadi kwenye nyusi. Akaweka mkono kifuani, kimya, jambo ambalo dada yake hajawahi kuliona tangu wazaliwe.

"Imekubali?" Fundi akauliza.

"Subiri kwanza. Natafuta moyo wangu."

Sabufa ikabaki. Mlango wa chumbani sasa hufunguka nusu, na Fundi hupita kiubavu baada ya kutoa pumzi yote tumboni. Kona ya sebule iliyobaki wazi mkewe aliichukua siku hiyohiyo, akaweka cherehani yake. Tatizo ni kwamba muziki ukipigwa, kona ile hutetemeka na mishono hupinda kama njia ya panya. Kwa hiyo rimoti hukaa kwenye mfuko wa aproni yake, na Fundi Besi akitaka kusikiliza besi yake, huomba ruhusa.