Kreszenz Loibl na Wekundu wa Chuma

Kreszenz Loibl alichora picha ili zipigwe risasi. Ndiyo, umesikia vizuri. Kila kiangazi chama cha walenga shabaha cha mtaani kwao, pale Augsburg, kilimwagiza mbao za mviringo, naye akazichorea kulungu, maharusi, au mume mlevi anayekimbizwa na mkewe. Kufika jioni wanaume walikuwa wameshazitoboatoboa, bia imewapanda kichwani, wanamtania.

"Zenzi, kulungu wako wa mwaka huu safi kabisa! Nimempata jichoni!"

Hapo alicheka nao. Akifika nyumbani alilia, tena hakuona haya kusema kwamba alilia. Alitaka kutengeneza kitu ambacho watu wangekitunza, hata wajukuu wao wakikute. Alitaka kuchonga medali, yenye jina lake.

Medali alizijua. Kwa miaka tisa alimfanyia kazi Mzee Eustach Stölzle, mchongaji mkubwa wa mji. Zenzi alichora sura kwenye karatasi, mzee akaichonga kwenye kalibu, kile chuma kinachogongwa juu ya fedha kupiga medali, kisha chini akatia STÖLZLE. Basi, imekwisha hiyo. Kwa hiyo Zenzi akanunua tindo zake mwenyewe, na kila Jumapili baada ya misa alijifunza kuchonga kinyumenyume, pua ikiwa shimo na kulia ikiwa kushoto, mpaka vidole vikaota sugu.

Chama kilipotimiza miaka mia nne kikataka medali ya Mtakatifu Sebastiani, msimamizi wao. Stölzle akapeleka kalibu yake. Zenzi naye akapeleka yake! Mwenyekiti, Bwana Hörmann, akazigeuzageuza, akajikuna upara.

"Jamani, mnanitesa. Zote nzuri. Tufanye hivi: zitiwe moto, zitoswe majini. Itakayotoka nzima ndiyo itakayopiga medali, na jina la fundi wake litakaa."

Maana kalibu ikishachongwa bado ni laini. Lazima iwekwe motoni mpaka iwe nyekundu, kisha itoswe ghafla ili iwe ngumu. Wekundu ukipita kiasi, chuma hupasuka, na kazi ya miezi inakwenda na maji.

Stölzle alicheka mpaka akakohoa. "Mama wa rangi! Hapa hatupaki rangi. Rudi kwa kulungu wako."

"Nitarudi, Mzee," Zenzi akajibu. "Nikishamaliza na wewe."

Siku ikafika. Karakana ya Stölzle ilikuwa giza siku zote, madirisha yamezibwa kwa mbao, na kila mwanafunzi aliyepita pale alijua sababu yake. Ila siku hiyo Hörmann alikuja na wanachama kumi na wawili wenye kofia za kijani, na mzee, ambaye kutazamwa alikupenda kuliko chakula, akafungua madirisha yote ili waheshimiwa waone. Jua la saa nne likamwagika ndani.

Kosa hilo! Kwenye mwanga wa jua chuma kilichowaka huonekana kama bado hakijawaka. Stölzle alisubiri wekundu wake aliouzoea, akasubiri, akavukuta tena. Ulipomtokea machoni ulikuwa umeshapita zamani. Akatosa. Ta! Mtakatifu akapasuka kuanzia shingoni hadi sikioni.

Zamu ya Zenzi. Angeweza kuomba madirisha yafungwe, lakini alijua wangesema kabahatisha gizani. "Acheni wazi," akasema. Maisha yake yote alikuwa ametazama jinsi nyekundu moja inavyobadilika kutoka kivulini kwenda juani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Akainamia moto. Chuma kikaanza kubadilika rangi, hudhurungi, kisha kama damu iliyokauka. Akainua koleo.

"Bado!" Stölzle akapiga kelele. "We mwanamke, hicho bado cheusi!"

"Kwako," Zenzi akasema, akatosa.

Mvuke ukajaa. Wakasubiri ule mlio, haukuja. Akaitoa, akaifuta kwa aproni, akapitisha tupa juu yake. Tupa ikateleza bila kung'ata. Ngumu, na nzima! Zenzi akaruka, akambusu Hörmann kwenye upara mbele ya watu wote, na kofia za kijani zikarushwa mpaka darini.

Medali ikapigwa, chini imeandikwa LOIBL. Baada yake akachonga za waokaji, za wakunga, za waimbaji, hata ya daraja jipya la mto Lech, kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyemwita tena mama wa rangi. Lakini alipoulizwa alishinda siku gani, hakuitaja ile ya madirisha wazi. Aliitaja Jumanne iliyofuata, pale Stölzle alipomtumia salamu aende karakanani. Akamkuta mzee amesimama mbele ya tanuri na wafanyakazi wake wote, kalibu mpya ikiwa motoni, koleo mkononi.

"Fundi Loibl," akasema, bila kumtazama usoni. "Macho yangu yamezeeka. Niambie wewe."

Zenzi akasogea karibu naye. "Bado," akasema. "Bado, Mzee. Bado... sasa!"

Na Stölzle, mtu asiyekubali kuambiwa hata ni saa ngapi, akatosa.